Moyo wa Mbuke

Watu wa barabara ya Nkome walimzoea Nesi Epifania upesi kuliko walivyoizoea baiskeli yake. Mwanamke mtu mzima, nesi wa shule ya sekondari ya wasichana, kila Jumapili baada ya misa anapanda baiskeli na kuelekea ziwani, hana kikapu, hana mgonjwa, hana msiba anaouendea. Wakulima wa pamba waliinua majembe, wakamwita mama kwa Kisukuma, wakamwuliza, "Mayu, safari ya wapi?"

"Naenda kuiona njia."

"Na ukishaiona?"

"Narudi."

Wengine walisema ana wazimu kidogo. Wengine, wale waliojua habari zake, walisema mwanamke asiye na mtoto wa kumbeba mgongoni hana budi kutafuta cha kumbeba yeye. Maneno hayo yalimfikia, kwa maana maneno ya namna hiyo hayakosi mpelekaji. Epifania aliendelea kukanyaga. Kwao ni Ushirombo, katika nyumba ya Wakatoliki wa siku nyingi, na aliolewa kanisani akiwa bado binti mdogo. Akakaa kwa mumewe, akangoja, akanywa dawa za kila mganga aliyeelekezwa, tumbo likabaki vilevile. Mwisho shangazi za mume walimrudisha kwao mchana kweupe, sanduku lake kichwani. Kanisa halikuivunja ndoa ile, ila nyumba ilikwisha vunjika. Masista wa misheni ndio waliomchukua wakamfundisha unesi, na baiskeli alijifunza wakati wa chanjo ya ndui, alipokuwa akitumwa vijijini na boksi la dawa limefungwa kwenye karia. Ndui ilipokwisha, yeye hakuweza tena kuishi bila ule upepo wa usoni.

Mbuke aliletwa zahanati ya shule mwaka wa sabini na moja, msimu wa palizi. Kiranja alimshika mkono kama anayeleta mwizi.

"Nesi, huyu anajisingizia. Kila tukienda shamba la shule anakaa chini. Leo amekaa mstari wa kwanza tu, hata jasho hajatoa."

Msichana mwenyewe hakujitetea. Alikuwa mrefu, mwembamba, midomo yake imeingia weusi kidogo pembeni. Epifania alimwambia kiranja arudi shambani, akamketisha Mbuke kitandani, akamwekea kipimo kifuani. Badala ya mapigo mawili mawili ya moyo wa msichana, alisikia mvumo, kama upepo unaopenya kwenye nyufa za mlango. Akasikiliza tena upande wa mgongoni. Akauliza taratibu, "Uliwahi kuvimba viungo ulipokuwa mdogo?"

"Magoti. Halafu viwiko. Mama alinikanda na majani ya moto, vikapona."

Kweli, vilipona. Baridi yabisi huviachia viungo ikaenda kukaa moyoni.

Epifania alimpeleka mwenyewe Mwanza kwa daktari, wakavuka maji kwa pantoni. Daktari alikuwa mtu wa maneno machache. Alisema milango ya moyo imekakamaa. Kwamba kuna nchi za mbali ambako wanaweza kuifungua kwa kisu, hapa kwetu bado. Kwamba apigwe sindano ya penisilini kila mwezi bila kukosa, asilime, asibebe mizigo. Kisha akamtazama Epifania, maana alidhani ndiye mama, akasema, "Na huyu asizae. Mimba itamwua."

Mbuke alikuwa ameketi palepale, akifunga vifungo vya shati. Alisikia.

Basi ikawa hivyo. Mkuu wa shule, Mwalimu Scolastika, alimwondoa Mbuke kwenye kilimo akampa kazi ya kupiga kengele. Kila mwisho wa mwezi alikuja kwa Nesi kuchomwa sindano, na ile dawa ina maumivu kama kaa la moto. Lakini Mbuke alikuwa akiuma tu ukingo wa kanga mpaka iishe. Baada ya sindano alikaa. Epifania alikuwa akimpa chai, naye Mbuke alimweleza habari za darasani na za kwao, kijiji cha upande wa Nkome, ambako baba yake, mzee Mabula, alihamia na ng'ombe wachache baada ya mgodi wa Geita kufungwa na wachimbaji kutawanyika.

Jumamosi jioni Epifania aliwafundisha wasichana baiskeli kwenye uwanja wa netiboli. Lilikuwa jambo la kuchekesha: mmoja yuko juu anapiga kelele, watatu wanamshikilia, wengine wote wanashangilia anapoanguka. Mbuke aliketi pembeni juu ya jiwe. Siku moja cheni ilikatika, na Epifania alipogeuka kutafuta spana, aliiona mikononi mwa Mbuke. Tangu hapo baiskeli ikawa na fundi wake. Aliziba pancha, alinyoosha rimu kwa kukaza spoku moja moja huku ameinamisha kichwa kama anayesikiliza redio. Kupanda hakuweza. Ila siku nyingine Epifania alimpakia kwenye karia wakashuka naye mteremko wa shule, mteremko tu, wasichana wengine wakiwa bwenini, na Mbuke alifumba macho akacheka mpaka akakosa pumzi, ikabidi wasimame.

"Usicheke sana," Epifania alimwambia.

"Hata kucheka, Nesi?"

Epifania alimpigapiga mgongoni mpaka pumzi ikatulia.

Mbuke alimaliza kidato cha nne akarudi kwao. Mwanzoni alikuja kila mwezi kuchomwa sindano, akipanda lori la dagaa asubuhi na kurudi nalo jioni. Halafu ikaja Operesheni Vijiji. Watu walihamishwa kutoka kwenye maboma yao, wakapangwa kwa mistari kando ya barabara, wengine nyumba zao hazina hata paa, na mvua za mwaka ule zikagoma. Watu wakala unga wa njano wa msaada, ule walioubatiza jina la Yanga, timu yenye jezi za njano. Katika vurugu hiyo mwezi ukapita bila Mbuke kuonekana, ukapita na wa pili.

Epifania alipanda baiskeli kumtafuta. Boma la zamani alilikuta limebaki majivu na minyaa. Akaulizia mpaka akafika kijiji kipya, akamkuta mzee Mabula anaezeka nyumba yake kwa nyasi kavu zilizokuwa chache mno. Mzee alishuka ngazi, akamsalimu kwa heshima, akamwombea maji kwa mkewe, Esta. Walipokwisha kuulizana hali, Epifania alisema kilichomleta.

"Binti yuko mzima," Mabula alisema. "Sindano amekosa kwa sababu ya huku kuhama. Na kuna jambo jingine, mama. Amepata mchumba. Ng'ombe wamekwisha kuja."

Epifania aliweka kata chini. "Mzee, nilikuja mwaka ule nikakueleza alivyosema daktari."

"Ulinieleza. Na mimi nikamweleza yule kijana. Sikumficha kitu, mbele ya wazee wake. Nilisema: huyu hawezi jembe, hawezi mtungi, na kuzaa wamemkataza. Kijana akasema anamtaka hivyohivyo."

"Wanasema hivyo wote kabla."

"Ndiyo. Lakini mimi ni baba, nifanye nini? Nimfungie? Niende nimwambie: kaa hapa ungoje kufa?" Sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa imechoka. "Zungumza naye mwenyewe. Wewe anakusikiliza kuliko sisi."

Mbuke alikuwa nyuma ya nyumba, tyubu ya baiskeli imezama kwenye beseni la maji mbele yake. Katika kijiji kile kipya alikuwa ndiye fundi. Wachuuzi wa dagaa walisimama kwake wakitoka Nkome na magunia yao. Huyo mchumba, Bujiku, alikuwa mmoja wao. Pancha zake zilikuwa nyingi kupita kiasi, na baadaye alikuja kukiri kwamba nyingine alizitoboa mwenyewe kwa mwiba.

"Shikamoo, Nesi."

"Marahaba. Lete mkono kwanza." Epifania alishika mapigo, akahesabu, hakupendezwa. Akamchoma sindano palepale, nyuma ya nyumba. Kisha akasema, "Nimeambiwa."

"Ndiyo, Nesi. Nilitaka kukuletea habari mwenyewe."

"Kuolewa si neno. Lakini mimba, Mbuke. Unakumbuka?"

"Nakumbuka. Nilikuwepo." Alifuta mikono kwa kitambaa. "Nesi, nisipozaa, nitaishi mpaka lini?"

"Hilo halijui mtu."

"Daktari anajua?"

"Hajui."

"Basi." Mbuke alitazama chini. "Tangu kidato cha kwanza watu wananihesabia pumzi. Usikimbie, usilime, usibebe, usicheke. Nimetii yote, na ninakushukuru, maana nisingalifika hapa. Ila nikilala najiuliza, ninaitunza hii roho ya kufanyia nini? Bujiku hajanilazimisha. Yeye anasema tukae hivihivi. Mimi ndiye ninayetaka mtoto."

"Hujui unachokisema."

"Nesi, usinikasirikie. Wewe ungalipewa mtoto kwa bei hiyo, zile siku za kwa mumeo, ungalikataa?"

Upande wa pili wa nyumba mzee Mabula alikuwa ameanza tena kupigilia fito. Epifania alisimama. Swali lile lilimwingia mahali ambapo kwa miaka mingi hakuna mtu aliyethubutu kugusa, na aliyepagusa ni mtoto ambaye yeye mwenyewe alimkabidhi spana. Alitaka kusema neno la busara, likakataa kutoka; likatoka jingine.

"Ukifa usiniite."

Akachukua baiskeli yake, akaondoka bila kuwaaga Esta na Mabula. Njia nzima kurudi shuleni alikanyaga kwa nguvu, machozi yakikaukia masikioni.

Harusini hakwenda. Alituma kitenge na salamu, akasingizia wagonjwa. Bujiku alikuwa mtu mwema. Habari zake zilifika mpaka shuleni, kwamba huko Nkome anachota maji na kufua nguo za mkewe hadharani, na wanaume wanamcheka, naye anaendelea kufua. Kuchomwa sindano alikuwa akimpeleka mwenyewe kituo cha afya cha serikali. Epifania alifurahi kusikia hivyo na akaumia vilevile, kwa sababu walikuwa wanakwepa zahanati yake, na aliyewafukuza ni yeye.

Siku moja ya Jumanne alitoka nje kumwaga maji akamwona Bujiku anasukuma baiskeli langoni, na kwenye karia amekaa Mbuke, amevaa kitenge kile, tumbo limejitokeza mbele. Alishuka polepole. Akasimama mbali, kama mtu asiyejua mbwa wa nyumba ile kama amefungwa.

"Nimekuja kuchomwa sindano," alisema.

Epifania alimtazama miguu. Viatu havikuingia, alikuwa amevaa ndara za mumewe. "Ingia," alisema, akamshika bega, kisha akamkumbatia pale mlangoni mbele ya wasichana waliokuwa wanangoja vidonge vya malaria. Hawakuzungumza habari ya maneno yaliyopita. Alimlaza, akampima, akampa dawa ya kupunguza maji mwilini, akampigia marufuku chumvi na dagaa.

"Mke wa mchuuzi wa dagaa asile dagaa!" Bujiku alisema, na wote watatu wakacheka kidogo.

Walipatana kwamba siku za kujifungua zikikaribia Mbuke ahamie Mwanza, akae karibu na hospitali chini ya macho ya madaktari. Epifania aliandika barua, akaomba ruhusa kwa Mwalimu Scolastika ampeleke. Siku ilikwisha kupangwa. Mimba haikuingoja siku hiyo.

Bujiku alifika shuleni Jumamosi adhuhuri, shati limemganda mwilini. "Nesi, tangu jana hawezi kulala chini. Anapumua kama mtu anayezama." Epifania alichukua mkoba wa dawa, wakapanda kila mtu baiskeli yake, na siku ile Epifania hakuiona njia wala watu waliomwita.

Walimkuta Mbuke ameegemezwa kwenye magunia ya dagaa, mama yake Esta anampepea kwa ungo. Midomo ilikuwa ya majivu. Epifania alimchoma dawa ya kutoa maji, akakaa akiomba huku mkono wake uko kwenye mapigo. Na baada ya muda pumzi zikashuka kidogo, Mbuke akafumbua macho.

"Umekuja," alisema. "Uliniambia nisikuite. Sikukuita mimi, ni Bujiku."

"Nyamaza, mwanangu. Usimalize pumzi."

Kulikuwa na mtumbwi wa injini wa wafanyabiashara unaoelekea Mwanza. Bujiku aliwaomba, wakapunguza magunia yao bila kubishana, wakamtandikia mgonjwa, naye Bujiku na Esta wakapanda. Ziwa lilikuwa limetulia. Epifania alikaa nyuma ya Mbuke akamshika wima kifuani pake muda wote wa safari, na kila mtoto alipocheza tumboni Mbuke aliuchukua mkono wa Nesi akauweka pale, bila kusema kitu. Mikono ile ilikuwa imepokea watoto wa watu tangu siku za mafunzo, na hata siku moja haikuwahi kukaa hivyo, ikingoja.

Madaktari walifanya walichoweza, na walichoweza kilikuwa kikubwa. Mtoto alizaliwa kabla ya wakati wake, wa kiume, mdogo kama njiwa aliyenyonyolewa, lakini analia. Walimwonyesha mama. Mbuke alimtazama vidole, vya mikono kwanza, halafu vya miguu, akasema, "Ana masikio ya baba yangu." Akalala usingizi.

Siku ya pili alikuwa na nafuu. Alikunywa uji. Alimwambia Bujiku aende akapumzike, amtafutie Esta chumba cha kulala. Siku ya tatu asubuhi aliomba asukwe nywele, kwa kuwa watu wangekuja kumwona mtoto na kichwa chake kilikuwa kama kichaka. Epifania alipanda kitandani nyuma yake, akamwegemeza kwenye magoti, akaanza kugawa nywele kwa kitana.

"Nesi."

"Naam."

"Unavuta sana."

"Kaa sawa basi."

Alisuka mistari ya upande wa kulia. Walikuwa wanazungumza habari ya maziwa, kama ya ng'ombe yatamfaa mtoto, na Epifania akaeleza namna ya kuyachemsha na kuyapunguza kwa maji. Akauliza, "Umenisikia?" Kichwa kikawa kizito mikononi mwake, kikaegemea upande. Alidhani amesinzia. Alikaa hivyo kitambo, ameshika msuko ambao haujakwisha, kabla hajapeleka kidole shingoni mwa Mbuke. Tayari alijua.

Akaita manesi wa wodi, wakaja, wakafanya yao, wakashindwa, wakataka kumfunika. Epifania aliwaomba wangoje. Akamaliza upande wa kushoto, mstari baada ya mstari, akafunga ncha. Ndipo akashuka kitandani akawaambia, "Sasa mfunikeni."

Walimrudisha Nkome kwa maji. Mzee Mabula alikuwa amesimama ufukweni tangu asubuhi, na mtumbwi ulipofika alimtafuta Epifania kwa macho. Epifania aliogopa uso ule kuliko maiti. Alijiandaa kulaumiwa kwamba alichelewa, au kusifiwa kwamba alionya. Yote mawili asingeyaweza. Mzee alimshika mkono akamsaidia kushuka majini.

"Ulisema, tukasikia, naye akachagua," alisema. "Njoo ukae na mama yake."

Wakamweka ndani, kwenye mkeka wa wafiwa, siyo nje na wageni. Alikaa pale siku zote za matanga. Usiku na mchana yeye na Esta walipokezana kumlisha mtoto maziwa tone kwa tone, na mtoto, kwa ukaidi usiojulikana alikoutoa, aliyameza. Siku ya wafiwa kunyolewa nywele ilipofika, wanawake wa ukoo walijipanga mstari. Epifania alisimama ajitenge. Esta akamvuta kanga.

"Unakwenda wapi?"

"Mimi si wa ukoo, mama Mbuke."

"Kaa chini," Esta alisema, na wembe ukapita kichwani mwake kama ulivyopita kwa wengine.

Siku iliyofuata aliondoka kurudi kazini. Bujiku alimpakia kwenye lori la dagaa pamoja na baiskeli yake, akalifunga vizuri turubai upande aliokaa. Nyuma ya lori walikuwamo wachuuzi wanawake wa Geita ambao Epifania hakuwajua. Tangu Mwanza hakuwa amelia. Alikuwa amechemsha maziwa, ameosha mwili, amepokea rambirambi za watu wengine kwa niaba ya watu wengine. Lori lilipoacha nyumba za mwisho, kilio kikampanda kutoka mbali, akainama kwenye magoti akalia kwa sauti, hakujali.

Mmoja wa wanawake wale, mama mnene mwenye ndoo miguuni, alisogea akamwekea mkono mgongoni, akaona kichwa kilichonyolewa.

"Pole, mayu. Umefiwa na nani?"

Epifania aliinua uso. Mle ndani hapakuwa na mtu wa Ushirombo, wala wa shule, wala yeyote aliyejua habari zake akaweza kumsahihisha.

"Binti yangu," alisema.

"Mkubwa?"

"Mkubwa. Ameacha mtoto."

"Oo, pole sana," yule mama alisema, akamvuta karibu zaidi, maana barabara ilikuwa imeharibika na lori lilianza kurusha watu.